Kukimbia peku Kigoma: mchanga sio laini kama mnavyodhani

Kila mtu akishajua kwamba mi nakimbia peku ushauri wake wa kwanza ni uleule, si uende tu ziwani ukakimbie mchangani, kule laini bana, mbona unajitesa na lami. Na anayesema hivyo unakuta hajawahi kukimbia tangu amalize shule ya msingi, ila kwenye suala la miguu yangu anaongea kwa uhakika wa daktari. Sasa leo naandika yote kwa mpigo, maana nimechoka kuyajibu kwa vipande vipande njiani huku jasho linanitoka.

Ulaini sio kipimo. Nimetembea na kukimbia bila viatu karibu kila aina ya ardhi tuliyonayo hapa Kigoma, lami, kokoto, changarawe, vumbi jekundu, tope, mawe ya ziwani, mchanga mkavu na mchanga mbichi, na swali ninalojiuliza kabla sijaweka mguu ni moja tu, hii ardhi inanificha nini. Ardhi ngumu inayoonekana yote ni rafiki. Ardhi laini inayoficha ndo itakayokupeleka hospitali.

Chukua Barabara ya Lumumba, ile inayotoka stesheni kupanda Mwanga. Saa kumi na mbili asubuhi lami bado ina ubaridi wa usiku, imetulia, kila kitu kilichopo mbele yako unakiona, kipande cha chupa kinang'aa, kizibo cha soda kinaonekana, unakikwepa unaendelea. Na kilima chenyewe kinakusaidia kwa sababu ukipanda mguu wenyewe unatua kwa mbele, huwezi hata ukitaka kubamiza kisigino. Shida ipo kushuka. Ukishuka unafunga breki kila hatua, ngozi inasuguana na lami na hapo ndo malengelenge yanapozaliwa, kwahiyo mi nikifika juu nashuka kwa kutembea na sioni aibu. Shida ya pili ni jua, ikifika saa sita saba mchana lami ya Kigoma haikanyagiki, ingawa kama barabara ina ule mstari mweupe wa pembeni basi pita juu yake, rangi nyeupe hainywi joto kama lami nyeusi na tofauti utaisikia hapohapo. Ila pembeni hukohuko ndo kuna adui wa kweli wa lami, na sio chupa, ni vile vinyuzi vya waya vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Vyembamba hivi, havionekani, vinaingia kwenye wayo wala husikii sana, unakuja kugundua jioni ukikanyaga sakafu ya nyumbani. Kibano na pini iliyopitishwa motoni visikose kwako.

Watu wanaosema lami inaua magoti nawakumbusha Abebe Bikila. Tarehe 10 Septemba 1960, Olimpiki ya Roma, Muethiopia huyu alikimbia marathoni nzima peku, kilomita 42 na ushee kwenye barabara za mji, njia nyingine ikipita Via Appia, barabara ya mawe ya Warumi wa kale, akamaliza usiku pale kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote duniani kwa wakati ule. Viatu alivyopewa havikumkaa vizuri na mazoezi alishazoea kufanya peku, basi akaviacha. Wapenzi wa peku wengi wakifika hapo wananyamaza, mi naendelea, kwa sababu miaka minne baadaye Tokyo jamaa huyohuyo alivaa viatu, akitoka kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache kabla, akashinda tena na kwa muda bora zaidi, 2:12:11. Kwahiyo hii habari sio dini. Bikila alikuwa Bikila.

Lami pia ndo mwalimu mzuri kuliko wote, hili sitaacha kulisema. Ukitembea, kisigino kinatangulia, na hiyo ni halali kabisa, hata zile nyayo za Laetoli kule Ngorongoro ambazo Mary Leakey na timu yake walizifukua kuanzia 1978, nyayo za viumbe waliopita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua miaka kama milioni 3.6 iliyopita, zinaonesha kisigino kimezama chini vizuri tu. Binadamu na ndugu zake wa kale wametembea hivyo siku zote. Kukimbia ni habari nyingine. Kimbia peku kwenye lami ukitanguliza kisigino, hatua tatu tu, utausikia mshindo mpaka kwenye meno, na hatua ya nne mwili wenyewe utakataa, utaanza kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo au katikati, hatua zitakuwa fupi, za harakaharaka, magoti yamekunjika kidogo. Hakuna kocha aliyekwambia. Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzie waliandika haya mwaka 2010 kwenye jarida la Nature, waliwapima wakimbiaji wa aina mbalimbali wakiwemo Wakenya waliokua bila viatu, wakakuta waliozoea peku mara nyingi wanatua kwa mbele na ule mshtuko wa ghafla wa kisigino kwao haupo au ni mdogo. Sasa huo ujumbe unaletwa na ardhi ngumu. Mchanga hauleti ujumbe wowote, utatua vibaya mwaka mzima na mchanga utakusitiri tu.

Haya sasa tuje kwenye huo mchanga mnaoupenda.

Ufukweni, tuseme Kibirizi pale zinapoondokea boti za kwenda Gombe, kuna ardhi mbili zilizolala pamoja. Kuna ukanda mwembamba uliolowa, pale wimbi linapofika na kurudi, huo ni mgumu kiasi, mzuri, unakimbilika. Afu juu yake kuna mchanga mkavu ambao ukiukanyaga mguu unazama, kisigino kinashuka chini kuliko vidole, na ile kano ya nyuma ya kisigino inavutwa mpaka mwisho halafu shavu la mguu linafanya kazi ya kukutoa shimoni kila hatua. Wabelgiji walishapima hili, Lejeune na wenzie mwaka 1998, wakakuta kukimbia mchangani kunakula nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu na kutembea ndo balaa zaidi, mara 2.1 mpaka 2.7. Mtu anayeanza peku miguu yake bado ya viatu unampeleka mchanga mkavu siku ya kwanza, kesho yake hashuki kitandani, halafu anasema peku ni mbaya.

Na hata ukanda mbichi una hila yake, ufukwe umeinama kuelekea majini, kwahiyo mguu mmoja siku zote upo chini kuliko mwenzie na nyonga inaenda upande. Kama unakimbia kuelekea kaskazini rudi kwa njia ileile ukielekea kusini ili uinamo ubadilishane miguu, kitu kidogo lakini kina maana.

Halafu sasa yaliyofichwa. Kibirizi na Katonga ni kwa wavuvi, sio kwa watalii, ndani ya ule mchanga kuna ndoano, kuna vipande vya nyavu vinavyokunasa kidole gumba, kuna mifupa ya samaki, kuna misumari ya mitumbwi iliyobomolewa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilipofungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, ufukwe ulikuwa umetulia nikakimbia mpaka nikasahau kuangalia chini, wenzangu wa uvuvi walikuwa na shida zao na sitaki kuonekana nasherehekea, nasema tu miguu yangu iliona tofauti.

Na kuna ardhi moja pale hutakiwi kuikanyaga hata uwe na miguu ya malaika, nayo ni pale dagaa walipoanikwa. Ukisogea tu utaitwa kwa majina yote. "Wee kaka! Huo unaoukanyaga ndo ada ya mtoto!" Na mama mwenyewe ana haki, dagaa wakishika mchanga bei inaanguka, sasa wewe na mazoezi yako unamletea nini.

Mawe ya ziwani sitayasemea sana. Kule Bangwe na Katonga kuna majabali mazuri, yakiwa makavu yanashika vizuri kuliko raba yoyote, yakiwa yameota ule ukijani wa majini usijaribu, na kwenye mianya yake anapendelea kukaa yule swila wa majini wa Tanganyika ambaye kazi yake ni kula samaki na hana haja na wewe, ila usiende kumpapasia mlangoni kwa vidole.

Mara nyingi naulizwa pia, sasa hiyo ngozi si inakuwa gome, husikii kitu? Hapana. Ngozi inakuwa nene kweli, unaota sugu chini ya vidole na kwenye kisigino, lakini kusikia kupo palepale. Hata hili limepimwa, Nicholas Holowka pamoja na huyuhuyu Lieberman na wenzao walichapisha mwaka 2019 vipimo vya watu wa Kenya, wanaovaa viatu na wasiovaa, wakakuta unene wa sugu haupunguzi hisia za wayo wakati wa kutembea. Ndivyo ninavyoona kwangu pia, punje ya mchele ikidondoka jikoni naijua ilipo. Kinachosumbua sio sugu, ni magaga, na magaga yanakuja kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa hewa ikikauka na vumbi likinyonya mafuta yote mguuni. Kisigino kikipasuka mchanga unaingia kwenye ufa na hapo utasali. Nasugua na jiwe nikioga, napaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, usiku, yananuka kidogo, nyumbani wameshazoea.

Halafu kuna reli. Sisi ni watu wa mwisho wa reli, Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1914, na kuna vijana wanadhani kupita relini peku ndo uanaume. Kwanza reli sio njia ya miguu na treni haina breki ya bodaboda. Pili elewa zile kokoto zimewekwa kwa kazi gani. Zinapondwa makusudi ziwe na kona kali, ili ziking'ang'aniana zishike mataruma yasisogee treni ikipita, wangeweka mawe ya mviringo ya ziwani reli ingetembea. Yaani ukali wake ndo kazi yake. Na ukisema basi nikanyage mataruma tu, nafasi yake ni fupi kwa hatua moja na ndefu kwa nusu yake, unaishia kurukaruka. Sehemu nzuri ni kile kinjia cha pembeni ambacho watu wamekichimba kwa miguu miaka nenda rudi, udongo umeshindiliwa mpaka ukawa sakafu. Vinjia vya namna hiyo, popote vilipo, ndo ardhi bora kuliko zote kwa peku. Vimeshachujwa na maelfu ya miguu, mwiba uliokuwepo ulishamchoma mtu zamani akautoa akautupa.

Nyasi nazo watu wanazisifia. Mi sizitaki. Zinaficha kila kitu, mbigiri, chupa, shimo, mavi ya mbwa, nyoka. Kiwanja cha mpira kilichochezewa chandimu mpaka kipara kimetokea katikati hicho nakubali, kimbia kwenye kipara.

Tope sasa, aisee. Mvua zikianza, mwezi wa kumi wa kumi na moja hivi, njia za udongo mwekundu kushuka Gungu zinakuwa sabuni, bodaboda zinalala, watu wa viatu wanashikilia kuta za nyumba za watu, afu wewe wa peku unapita zako umechimbia vidole chini, kila kidole ni njumu. Hii ndo siku pekee ambayo hakuna anayekucheka, wengine wote wameshika viatu mkononi. Tope linaficha pia, sikatai, kwahiyo tope la njiani sawa, tope la mitaroni na karibu na dampo hapana, na hapa nataka niwe makini kidogo kwa sababu kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi ndo wanapoishi minyoo ya safura, na wale hawahitaji jeraha, wanapenya ngozi nzima ya mguu.

Kavu nalo lina mwenyewe, funza. Lile vumbi jekundu laini la uani, lile ambalo mguu unalipenda kuliko kitu chochote, ndo nyumba ya funza, jike anaingia chini ya ukucha ama pembeni ya kisigino, anavimba na mayai. Nilivyosoma historia yake nikashangaa, kumbe huyu sio mwenyeji wetu. Alitoka Amerika ya Kusini, akashuka pwani ya Angola karibu na mwaka 1872 pamoja na meli, akasafiri kwa miguu ya watu kukatiza bara zima na kabla karne ile haijaisha alishafika pwani ya upande wetu. Maana yake Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, Ujiji ile haikumjua funza. Watu walitembea kwenye vumbi lilelile bila hofu ambayo mimi ninayo.

Na ndo maana njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Ujiji. Naenda kwa mguu kutoka Mwanga asubuhi, sikimbii, na nikifika kwenye miembe huwa nafikiria wapagazi. Kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka hapa ni kama kilomita 1,200, na watu wale, Wanyamwezi wengi wao, walizipiga na mzigo wa kilo 30 na zaidi begani, wengine peku, wengine na makubazi ya ngozi, wanafika, wanapumzika, wanarudi. Wengine hawakuwa wapagazi, walifungwa minyororo, na hao hawakurudi. Hakuna jarida lililopima nyayo zao. Mi nikipigwa na changarawe moja hapo katikati nalalamika.

Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone kuna kitu kidogo ambacho huwa nawaambia wageni wavue viatu ili wakione. Unasimama mahali wanapodaiwa kukutana, halafu unatazama ziwa liko wapi, liko mbali. Ukishuka kwenda huko miguu inaanza kwenye udongo ulioshindiliwa, taratibu unageuka kichanga, halafu mchanga kabisa, wakati maji bado hujayafikia. Sababu ni kwamba miaka ya 1870 Tanganyika lilikuwa juu, likazidi kupanda mpaka mwaka 1878 hivi likapasua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, maji yakatoka, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10. Kwahiyo unatembea juu ya sakafu ya ziwa la zamani. Kwa raba usingejua, ungesema tu ni njia ya kwenda ufukweni. Na miaka hii ya karibuni ziwa limepanda tena na kumeza vipande vya fukwe zetu, kwahiyo hesabu ya mchanga inaendelea.

Kwenye njia hiyohiyo kuna bibi anauza maandazi kibarazani, siku moja nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu afu akaiangalia miguu.

"Viatu umeibiwa msikitini?"

"Hapana bibi, nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya umaskini hayo. Sisi tulishafuzu zamani."

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Kuna ukweli pale, kwa mtu aliyekwenda shule peku kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa, akaja akanunua kandambili za kwanza kwa jasho lake, mimi kuvua raba zangu kwa hiari ni maigizo ya mtu aliyeshiba. Nalikubali hilo na bado nakimbia. Kinachoniudhi ni kimoja tu, kule kwa Jakobsen, ufukwe wa watalii, mzungu anatembea peku kutwa nzima na hakuna anayemuuliza kama kaibiwa.

Kwa mtu anayetaka kuanza basi, chanjo ya pepopunda kwanza, hilo halina mjadala. Mwenye kisukari asijaribu kabisa, ukipoteza hisia za mguu huna tena kitu kinachokuonya na kidonda kidogo kinaweza kukugharimu mguu mzima. Anza kwa kutembea, majuma kadhaa, kwenye kinjia kilichoshindiliwa au lami ya asubuhi, ndo uje kukimbia vipande vifupi, kwa sababu mapafu yako yatakuwa tayari kabla ya mifupa, na ile mifupa miembamba ya katikati ya wayo ikifanyishwa kazi ngeni kwa pupa inapata nyufa. Wayo mmoja una mifupa 26. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono usiingie kuosha miguu, kichocho kipo ziwani, oshea nyumbani kwa maji safi na sabuni na ukague kila kidole kwenye mwanga.

Na ndio, viatu ninavyo. Raba nimenunua mtumba sokoni Mwanga, navaa usiku na nikipita sehemu za kokoto. Harusini navaa moka. Juzi shemeji yangu kaniomba hizo moka, anasema wewe si huzihitaji, nikamwambia azilete kabla ya Jumamosi kuna shughuli Katubuka, mpaka sasa hajazirudisha.